Kamba Kwenye Upinde wa Mhina

Hadithi hii alinipa shangazi yangu Mwanahamisi, yule aliyekuwa na jino moja la mbele, akicheka unaliona linacheza. Alinipa tukipukuchua mahindi, na mimi nilikuwa kimo cha huyu Tatu hapa. Sijaitia chumvi. Labda kidogo tu.

Haya wajukuu zangu, mpo?

Tupo, bibi!

Masikio yapo?

Yapo!

Na roho je, mmeishika isiruke?

Tumeishika!

Ishikeni barabara, maana hii inashtua.

Hapo kale, kale ile miti ilipokuwa ikiitana kwa majina, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima, na juu yake msitu. Kijijini mlikuwa na mwindaji, Mhina. Alikuwa na mke wake Mboni, mwanamke wa maneno.

Mhina alijua kuwinda na hakujua kingine. Akishika jembe, Mboni anacheka, "Mume wangu, hilo ni jembe au mwiko wa ugali?" Lakini akishika upinde, nyamazeni. Alikuwa anapanda msituni, anachukua kulungu mmoja, dume, anarudi. Nyama inagawiwa, hata wajane wanalamba vidole. Chui naye anachukua wake mmoja huko juu. Mhina mmoja, chui mmoja, na msitu unabaki umejaa vilevile.

Basi siku moja mtoto wa Jumbe Hoza, binti yake wa pekee, Mwanamkasi, akapotea msituni. Mvua ikanyesha, ya mawe. Wakamtafuta, hawakumwona. Wakamtafuta tena, hawakumwona. Asubuhi wakamkuta chini ya mti, amelala usingizi, amejibana kwenye tumbo la kulungu jike mwenye sikio lililochanika. Yule kulungu kamkinga mvua usiku kucha kama mama yake!

Jumbe akalia mbele ya watu. Akapiga mguu chini, akasema, "Kuanzia leo, katika nchi yangu, hakuna atakayemuua kulungu. Atakayemwaga damu ya kulungu, nyumba yake naichoma, na yeye na mkewe na mtoto wake nawafukuza wakalale na fisi!"

"Hewala!" watu wakasema. Na aliyepiga kelele kuliko wote ni Kilua. Kila kijiji kina Kilua wake, mnawajua. "Na chui je?" Kilua akapayuka. "Chui anawala wafadhili wetu! Chui afukuzwe!"

Wakapiga ngoma, wakawasha mienge, wakamfukuza chui. Chui akasimama kwenye mwamba, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Haya. Naenda. Mtanikumbuka." Akashika njia, huyo.

Jumbe akaja nyumbani kwa Mhina kwa miguu yake. Akachukua upinde, akaufunga kamba, fundo juu ya fundo, akauweka darini juu ya moshi. "Mhina, usiuguse."

"Sitaugusa, jumbe wangu," Mhina akasema. Na kweli hakuugusa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Kulungu walishuka mpaka kisimani, watoto wanawachezea mikia. Mwaka uliofuata wakaingia kwenye kunde. Mwaka uliofuata tena, lo! Walikula kunde, wakala kisamvu, wakala mpaka vikonyo vya maboga. Watu wakiwafukuza kwa mkono wanakwenda hatua mbili, wanarudi. Nani atawarushia hata jiwe? Damu ikitoka je?

Na huko msituni nako kumeliwa. Miti michanga imekwisha. Majani yote yanayofikika kwa shingo ya kulungu yamekwisha, ukitazama unaona mpaka upande wa pili, kama nyumba isiyo na kuta.

Njaa ikaingia nyumbani kwa Mhina. Mboni akawa anachemsha mizizi. Alikuwa amemzaa Seif mwaka uleule; maziwa yakamkauka, mtoto ananyonya, analia, ananyonya, analia. Mhina anautazama upinde darini. Anaitazama kamba. Moyoni anawaona mkewe na mtoto wake wamelala na fisi. Anainamisha kichwa.

Asubuhi moja akasikia kitu mlangoni. Akafungua. Amesimama kulungu dume, mbavu unazihesabu, na kulungu akafungua mdomo akaimba:

Mhina we, Mhina,
teremsha upinde,
tumekuwa wengi,
tumemaliza.

Mhina akaachama. Akafunga mlango, pa! Akaegemea kwa mgongo.

"Nani huyo?" Mboni akauliza.

"Hakuna mtu," Mhina akasema. Na hakusema uongo, si kweli hakuwa mtu?

Mchana Mboni akatoka kuteka maji. Aliporudi akakuta jikoni kulungu wawili, jike na dume, wamekula kifuniko cha chungu, kile cha ukindu. Wakamgeukia, wakaimba:

Mhina we, Mhina,
teremsha upinde,
tumekuwa wengi,
tumemaliza.

Mtungi ukamtoka Mboni, ukapasuka. "Baba Seif!" akapiga yowe. "Baba Seif, njoo! Nyama zinakuita!"

Jioni jua likishuka, wakasikia kitu kinalamba. Lamba, lamba, lamba. Wakaingia jikoni polepole. Kwenye mafiga amelala kulungu jike mzee, analamba majivu, apate japo ladha ya chumvi. Pembeni ana mtoto wake, mwekundu mtupu, anavuta titi lisilo na kitu. Mboni akanyakua mwiko, akapiga! Mwiko ukapiga majivu, majivu yakaruka, yakamwangukia yule mtoto mgongoni na mbavuni, matone matone meupe.

Yule mzee hakukimbia. Akainua kichwa. Sikio lake moja limechanika.

"Mama mtoto," akamwambia Mboni, "wako amelala?"

Mboni, mwiko mkononi, akajibu, "Halali. Sina maziwa."

"Na mimi sina," akasema kulungu. "Wangu ananyonya upepo." Kisha akamgeukia Mhina, akaimba, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha, kama mtu anayenong'ona:

Mhina we, Mhina,
teremsha upinde,
tumekuwa wengi,
tumemaliza.

Mhina akapiga magoti. "Mama, nikikugusa nyumba yangu itachomwa. Huyu mke na huyu mtoto watalala nje. Nifanyeje mimi?"

"Basi usiniguse. Nipeleke kwa huyo aliyefunga kamba."

Wakaenda. Mbele kulungu, anapepesuka. Nyuma mtoto wake mwenye madoa ya majivu. Nyuma Mhina, nyuma Mboni na mtoto mgongoni. Watu wakatoka majumbani, wakafuata, hakuna aliyesema neno, hata Kilua!

Jumbe Hoza alikuwa kwenye baraza yake. Mwanamkasi, binti mkubwa sasa, alipoliona lile sikio akakimbia. "Mama yangu wa mvua!" akamkumbatia. Kulungu akalaza kichwa mapajani mwake.

"Jumbe," akasema, "uliapa nini?"

"Niliapa hakuna atakayewaua."

"Mhina katuua?"

"La."

"Chui katuua?"

"Chui tulimfukuza."

"Basi nani anatuua?"



"Nikifa," kulungu akasema, "nipasueni tumbo. Mtazame mlichotulisha." Akavuta pumzi, akaitoa, hakuvuta nyingine. Alikufa palepale mapajani mwa Mwanamkasi. Hakuna mshale. Hakuna jeraha. Hakuna tone la damu.

Jumbe akasema, "Mhina. Mpasue."

"Jumbe wangu, ile nyumba yangu..."

"Mpasue, nimesema!"

Mhina akampasua. Watu wakasogea. Wa mbele wakarudi nyuma wakiwakanyaga wa nyuma, mikono kichwani. Tumboni hamkuwa na jani. Hata moja! Mlikuwa na udongo. Mlikuwa na majivu. Mlikuwa na nyasi za kuezekea, za nyumba za watu. Na mlikuwa na kipande cha mkeka, chenye ukindu mwekundu na mweusi.

Mwanamkasi akakishika. "Baba," akasema, "huu ni mkeka wangu. Niliuanika juani ukaliwa, nikasema mbuzi." Akalia. "Kanilaza tumboni kwake, na mimi nimemlisha mkeka."

Jumbe aliinuka, akatembea mpaka nyumbani kwa Mhina, akapanda darini mwenyewe na uzee wake, masizi yanamwangukia kwenye kanzu, akateremsha upinde. Akaanza kufungua. Fundo juu ya fundo.

Hapo ndipo Kilua akapata sauti. "Tusingoje! Leteni nyavu! Leteni mbwa! Tuwamalize wote, wadogo kwa wakubwa, mashamba yapone!"

Mhina akamgeukia. "Kilua, jana ulisema asiguswe hata mmoja. Leo unasema asibaki hata mmoja. Kesho utasema nini?"

"Kesho atasema ana njaa," Mboni akadakia, na watu wakacheka huku machozi yakiwa mashavuni.

Mwanamkasi akaokota ile kamba. "Baba, usiitupe. Mvua zikianza, majike wana maziwa, upinde ufungwe. Mavuno yakiingia, watoto wameacha ziwa, ufunguliwe. Nyavu zisipande mlimani, wala mbwa. Na njia ya chui msiizibe tena."

"Na kamba ataishika nani?" Jumbe akauliza.

"Mimi."

Akaishika yeye. Yule mtoto wa kulungu akamlea kwa uji, alipopata nguvu akamrudisha msituni. Mhina akawa anachukua wake, chui akarudi na kuchukua wake, bila kusema "niliwaambia", maana chui ana adabu. Mwaka huo kulungu walipungua. Mwaka uliofuata miti ikachipua. Mwaka uliofuata tena kunde zikafika ndani, na maziwa ya Mboni yakarudi kwa mtoto wa pili.

Ndiyo sababu kulungu ana madoa meupe ubavuni. Ni majivu ya Mboni, hayajafutika. Na jioni mkimsikia anabweka huko juu kama mbwa, anauliza kama kamba imefungwa au imefunguliwa.

Wajukuu zangu, mkimpenda mnyama mwangalieni amekula nini. Msimwache tu mkasema mmempenda. Na mkimwinda, mwacheni mama mwenye maziwa, muwaachie na wenzenu wa kesho.

Mimi nilikuwepo wakigawa nyama. Wakanipa mfupa, nikauguguna njiani, ndiyo maana na mimi nimebaki na meno haya mnayoyaona.

Hadithi imeingia kwenye majivu, na majivu yamepoa. Tatu, kunja mkeka huo usije ukaliwa. Haya, nyote, kalaleni.