Bi Pimbi na Gari la Kampuni ya Asali

Naitupa!
*Tunaidaka!*
Ikidondoka?
*Tunaiokota!*
Na atakayesinzia?
*Asiulize!*

Haya. Hapo kale, lakini si kale sana maana magari yalikuwepo, palikuwa na Pimbi. Aliishi juu maweni na watoto wanne, akilima nyanya. Kila Jumamosi nyanya zilishuka Soko la Mtoni mgongoni mwa Punda. Punda akaoa, akahamia ukweni. Jumamosi ya kwanza Pimbi hakufika sokoni. Jumamosi ya pili hakufika. Na sheria ya soko lile ilikuwa moja: ukikosa Jumamosi tatu mfululizo, meza yako anapewa mwingine. Panya alikuwa ameshaanza kuipima meza ya Pimbi kwa hatua, kutoka mguu hadi mguu.

Alhamisi asubuhi Pimbi akajifunga kanga, akayabingirisha mteremkoni magunia sita ya mtama wake wa akiba, akateremka nayo kwa Kiboko.

Kiboko alikuwa na yadi ya magari. Mnajua, Kampuni ya Asali ilikuwa na desturi yake: kila baada ya miaka mitatu inayatoa magari yote na kuchukua mengine. Yaliyotolewa aliyanunua Kiboko kwa mkupuo, bila kuyatazama, kisha akayauza moja moja, bila kupenda mtu ayatazame.

"Karibu, mama! Karibu, karibu!" Kiboko alifunua kinywa ambacho gari dogo lingeweza kugeukia humo. "Gari la kampuni, mama, ndilo gari. Linaoshwa, linapelekwa gereji kwa wakati, linabadilishwa oili likidai. Mtu binafsi anasubiri mpaka lizime. Kampuni haisubiri!"

Hapo alisema kweli. Shida ni kwamba hakuishia hapo.

Alimpeleka kwenye gari jekundu, jekundu kama pilipili iliyoiva, linang'aa hadi linaumiza macho.

"Kilometa elfu arobaini tu. Lilikuwa na bibi mmoja pale ofisini. Akiliendesha taratibu, kwenda kusali na kurudi."

"Bibi mmoja?"

"Mmoja."

"Kwenda kusali?"

"Na kurudi."

Sasa, pimbi hana mkia. Siku mikia ilipogawiwa kulikuwa na manyunyu, babu yao akaona uvivu kutoka, akasema, "Nileteeni na wangu." Hakuletewa. Tangu siku ile pimbi hatumi mtu wala hasimuliwi. Anakwenda kuona mwenyewe.

Pimbi akainama, akapotelea chini ya gari jekundu, vuup!

Aliona nini? Aliona oili inadondoka, to! to! to! Aliona kutu iliyopakwa rangi mpya. Aliona chuma cha breki kimefungwa kwa waya wa kufungia nyama. Akapenya hadi ndani, akatazama chini ya viti: maganda ya ndizi na manyoya ya ngedere, ya ngedere weusi, ya ngedere wa kijivu, ya ngedere mwenye mba.

"Bi Pimbi! Umepotelea wapi?"

"Niko huku, mzee, nimedondosha hereni!"

Basi akaelewa. Lile lilikuwa gari la ngedere wa mauzo. Walikuwa tisa, kila siku analichukua mwingine. Na gari la kampuni lenye madereva tisa halina mwenyewe. Anayeligonga Jumatatu anamwachia wa Jumanne. Wa Jumanne akisikia kelele anaongeza sauti ya redio.

Pimbi akatoka, akajipangusa. Pembeni kabisa mwa yadi aliona gari jingine, jeupe, au lililokuwa jeupe. Limebonyea pande zote, kioo cha pembeni kimefungwa kwa kamba, milangoni pameandikwa ASALI kwa herufi kubwa, na kuku wamelala juu yake.

"Na lile?"

"Lile?" Kiboko alicheka, hwa-hwa-hwa! "Lile la kung'oa spea, mama. Kilometa laki mbili na elfu kumi. Alikaa nalo Kobe, mkaguzi wa mizinga, miaka yote peke yake."

Muuzaji akilidharau gari ndipo husema ukweli wake. Pimbi akasema hereni yake huenda imebingirika mpaka kule, akaingia chini ya gari jeupe, vuup! Pakavu. Akapenya ndani. Kwenye kisanduku cha mbele akakuta daftari, mwandiko wa Kobe. Kila oili imeandikwa, kila mkanda, kila nati. "Leo nimesikia mlio mdogo upande wa kushoto. Nimerudi gereji." Ukurasa uliofuata: "Mlio ule ulikuwa filimbi ya askari. Fundi amekagua hata hivyo."

Pimbi alitaka kucheka. Hakucheka. Pale yadi bei haikuandikwa popote. Kiboko aliisoma machoni pa mnunuzi. Ukilitazama gari mara mbili, limepanda bei. Basi Pimbi akaligeuzia mgongo gari jeupe, akarudi kwenye lile jekundu, akaliwekea shavu.

"Mzee, huyo bibi alikuwa anavaa miwani?"

Kiboko hakuwa amelifikiria hilo. "Miwani? Ndiyo. Alivaa."

"Ya dhahabu?"

"Dhahabu tupu!"

"Na akikuta shimo barabarani?"

"Anashuka, mama! Anashuka, analitazama shimo, anapanda tena, analizunguka."

"Jina lake nani?"

"Bibi Kanga."

"Yuko wapi siku hizi?"

Kiboko akashusha sauti. "Marehemu."

"Maskini!"

"Alikuwa mtu mwema sana," Kiboko akasema, akajifuta jicho.

Jumanne tu Kiboko yuleyule alikuwa ameshika bisibisi, anarudisha kilometa nyuma, kri-kri-kri, kutoka laki mbili na elfu sitini. Lakini uongo ukiulizwa maswali kwa adabu huota miguu. Kufikia Alhamisi saa nne Kiboko alikuwa anamkumbuka Bibi Kanga.

"Basi nalichukua," Pimbi akasema. "Jumamosi nitapita nalo mbele ya harusi ya shemeji yako kule kilimani. Watu watasema, mtazameni Pimbi ndani ya gari la Bibi Kanga! Kwani wewe mzee utakwenda na nini?"

"Kwa miguu."

"Si kitu. Kilima kimoja tu."

Kiboko akaitazama miguu yake. Akalitazama gari. Akaitazama tena miguu yake. Kisha akauchukua ufunguo, akauficha chini ya ulimi.

"Haliuzwi."

"Mzee!"

"Haliuzwi, mama. Lina kumbukumbu za watu."

"Lakini umeniahidi! Magunia yangu sita ya mtama nimeyaacha pale getini!"

Kiboko akatega sikio. Gari alilitaka, na mtama pia aliutaka. "Chukua lile la Kobe. Magunia sita hayohayo."

"Lile? Wanangu wachekwe mpaka walie? Mawili."

"Matano!"

"Mawili, na kuku wako uwashushe."

"Wewe mama, utaniua. Matatu!"

"Matatu, na uandike."

Kiboko akaandika. Alipofika mahali pa sahihi akaweka mguu, pwa! Mguu ukafunika maandishi yote. Pimbi akatoa karatasi nyingine, akamwambia aandike upya na aweke kidole kimoja tu. Akasubiri mpaka wino ukauke, ndipo akaondoka na gari jeupe, kadi yake, daftari na magunia yake matatu yaliyobaki.

Jumamosi ikafika.

Kiboko alimpakia mke wake mbele, watoto watatu nyuma, na godoro la maharusi juu. Gari jekundu likakipanda kilima: ngurrr! Likapanda tena: ngurr. Likapanda kidogo: ngu. Kisha: pwaaa! Likasimama. Kiboko akakanyaga breki. Waya ukakatika, tang! Gari likaanza kurudi nyuma, taratibu kwanza, halafu si taratibu, mpaka mtoni, chubwiii!

Kiboko hafi maji. Mke wake akamgeukia, godoro likielea nyuma yao.

"Baba watoto, ni bibi gani huyo aliyekuwa na gari hili?"

"Usimseme vibaya marehemu," Kiboko akajibu.

Huku maweni, Pimbi alizungusha ufunguo. Khu-khu-khu. Watoto wanne wakabana pumzi. Khu-khu. Ngurrrrr! Nisiwadanganye, lile nalo lilikuwa gari chakavu. Kioo hakikushuka, mlango wa nyuma ulifunguka kwa teke, na kila liliposimama watu walipanga foleni na vikombe wakitaka asali. Lakini liliwaka, likaenda, likasimama lilipoambiwa lisimame. Kabla geti la soko halijafungwa, Pimbi alikuwa ndani na matenga kumi ya nyanya.

Panya alikuwa amekwisha kutandaza vitunguu mezani.

"Aa, Mama Pimbi! Nilikuwa nakufutia vumbi tu."

"Ahsante, mwanangu. Futa na huku mwisho."

Panya akafuta. Meza ikabaki ya Pimbi.

Ngano imefika kwao, na mimi nimefika kwangu. Fundisho lake ni hili: watoto, uongo haufai. Pimbi alisema uongo tangu alipoingia yadi hadi alipotoka, na yaliyompata mmeyasikia. Tena kutambaa chini ya magari ya watu ni kukosa adabu, na kupekua daftari ni kumvunjia muuzaji heshima. Mkikua, chagueni gari kwa rangi. Muuzaji akiwaambia lilikuwa la bibi mmoja, msadikini. Makampuni yote yamejaa mabibi, hawana kazi nyingine ila kwenda kusali na kurudi. Na akilia, ongezeni gunia.

Aliyeidaka aende nayo. Aliyeidondosha achukue ufagio.