Namba Tatu Asiyegusa Mpira

Mchezaji hupimwa mpira ukiwa mbali. Mmemsikia mama yule akimwambia binti yake hivyo alipoikataa posa ya mchumba wake, nanyi mkacheka mkiuliza mpira na posa vimekutana wapi. Tulieni. Maneno hayo yalizaliwa hapahapa Ifakara, Jumapili moja ya mwezi wa saba, mpunga umeshavunwa na ligi ya wilaya imesimama.

Kila mwaka wakati huo, timu ya Chapakazi iliita vijana ishirini na wanne kutoka vijijini, ikawachezesha mechi moja ya mchujo. Mchaguzi alikuwa Libenanga, fundi baiskeli, beki wa zamani mwenye goti bovu. Mwaka uliotangulia alikuwa amechagua kwa macho ya watu. Alichukua kijana wa chenga, ambaye kinamama walimtandikia kanga pembeni mwa uwanja, kama walivyozoea kumfanyia yeyote anayepiga chenga watu watatu. Ligi ilipoanza, kijana yule akinyang'anywa mpira alishika kiuno na kumtazama mwamuzi. Chapakazi iliponea chupuchupu kushuka daraja.

Mwenyekiti wa timu, Bi Ngonyani, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, hakuwa mtu wa kuzunguka. "Fundi," alimwambia, "miaka kumi na tisa tumekuamini. Ukituletea mshika kiuno mwingine, mwakani utakaa na watazamaji."

Maneno hayo yalimchoma Libenanga. Baiskeli zilimpa ugali, lakini kazi hii ndiyo iliyompa heshima. Usiku ule hakulalamika. Asubuhi, akiwa kazini, alipindua baiskeli ya mteja juu chini, akalizungusha gurudumu tupu hewani. Likayumba. Mwenye baiskeli aliapa kwamba barabarani lilikuwa linakwenda vizuri. "Likiwa na mzigo hujificha," Libenanga akamjibu. "Likizunguka tupu, linajisema lenyewe." Akaweka spana chini. Alikuwa amepata dawa.

Jumapili ikafika. Ilibaki nafasi moja tu kikosini, na vijana wenye jezi za kijani walicheza na wa njano. Katika mechi ya mchujo hakuna anayetoa pasi. Kila kijana anaamini kwamba anayeonekana ni mwenye mpira. Fulgensi, winga wa kushoto wa kijani, alipita watu kama anapita mashimo ya barabara, na kanga tatu zikatandikwa kabla ya mapumziko. Libenanga alikuwa ametazama upande mwingine kabisa.

"Fundi, mpira uko huku!" watu walimpigia kelele. "Au umekuja kuhesabu nyasi?"

"Nyasi nimeshamaliza," alijibu bila kugeuka. "Sasa nahesabu watu."

Macho yake yalikuwa kwa Kastori, beki namba tatu wa kijani, kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima. Mpira ukienda kulia, Kastori alisogea ndani. Mwenzake akipanda, yeye alirudi kuziba pengo, huku akimwita na kumwonyesha adui kwa kidole. Mara nne winga wa njano aliomba pasi, na mara nne mwenye mpira aliinua kichwa, akamwona Kastori amesimama njiani, akaghairi.

Kipindi cha pili kilipoanza, Bi Ngonyani alikuja. "Haya, nani?"

"Namba tatu wa kijani."

"Yule? Fundi, mpira haujui hata jina lake!"

"Mwenyekiti, haujamfikia kwa sababu njia ameifunga."

"Hayo ni maneno. Nataka kuona."

"Nipe dakika kumi," Libenanga alisema. Kisha akamwita mwamuzi. "Mtoe namba tatu wa kijani. Ingiza mwingine."

Watu wakapiga makofi ya kejeli. "Kaoge, mdogo wangu, hujachafuka!" Kastori alitoka ameinamisha kichwa, akaketi chini, akaanza kulegeza kamba za viatu vya watu. Libenanga alimwona. Kama dakika hizo kumi zingepita salama, wote wawili wangekuwa wamekwisha.

Hazikupita. Dakika ya tano Fulgensi alinyang'anywa mpira, akashika kiuno. Njano wakapita upande uleule wa kushoto kama maji ya mfereji uliobomoka. Bao. Dakika ya nane wakapita palepale tena. Bao la pili. Kipa wa kijani akapiga ngumi nguzo ya goli na kufoka, "Kastori yuko wapi?"

Bi Ngonyani alitazama pengo lile. Halafu akamgeukia Kastori.

"Wewe kijana! Nani kakuambia uvue? Funga kamba hizo, jezi ni yako."

Mashabiki wa Fulgensi wakamzonga. "Mwenyekiti, huyo hata mpira hajaugusa mara tatu!"

"Akiwa na mpira kila mtu hujitahidi," akawajibu. "Mchezaji hupimwa mpira ukiwa mbali."

Kesho yake wateja wa Bi Ngonyani waliyarudia maneno hayo mashineni, wakayabeba pamoja na mchele hadi vijijini. Libenanga alichagua kwa miaka mingine kumi na miwili, na Kastori akawa nahodha.

Sasa mrudieni mama yule. Mchumba alikuja na shati lililopigwa pasi na maneno matamu, kwa sababu siku hiyo alijua anatazamwa. Mama hakubishana naye. Alikwenda kuwauliza majirani wa mchumba jinsi kijana anavyomsemesha mama yake mzazi siku asizotarajia mgeni. Alichosikia kilimtosha. Mchezaji hupimwa mpira ukiwa mbali.