Mayai Aliyoyalinda Kenge

— Paukwa!
— Pakawa.
— Palikuwa na yai.
— Likafukiwa.
— Na aliyelilinda?
— Tuambie, tumekaa.

Alikuwapo Kobe jike, kando ya mto. Alichimba shimo kwa miguu ya nyuma, kwaru-kwaru, akataga, akaanza kufukia. Hakuwa amemaliza alipotokea Kenge jike, mkia kama mjeledi, ulimi nje, lepe-lepe. Hakuna aliyependa mayai kuliko Kenge. Kobe hakuweza kupigana, wala hakuweza kukimbia na shimo.

"Shoga, unafukia nini?" Kenge akauliza.

"Nafukia ya kwako."

Kobe akaeleza kwa upole kwamba nguchiro amebomoa kichuguu, mayai yakabingirika mpaka hapo, naye akayaonea huruma. Au mwenzake amesahau alikotaga?

Kenge alikuwa amesahau. Ndiyo desturi yao: hutoboa kichuguu, hutaga, mchwa huziba mlango, mama huenda zake. Lakini kukiri ni aibu, hasa pale mtoni, ambako Mamba hulinda kiota chake, tena huwabeba wanawe kinywani bila kummeza hata mmoja, na kila jirani humsifu.

"Nimeyatambua kwa weupe wake," akasema, akaketi.

Akaja nguchiro: mkia, fyaa! Akaja kunguru: mkia, fyaa! Likaja tumbo lake mwenyewe, nguruu, akalikemea nalo. Kobe alipita akitafuna majani, akamsalimu, "Hujambo, mama watoto?" Kenge akavimba kwa fahari.

Mvua ikalainisha udongo. Watu husema sikio la kenge halisikii mpaka litoke damu. La huyu lilisikia ukucha mmoja ukikwaruza chini, kwaru. Akafukua polepole. Vikatoka vitoto, kila kimoja na nyumba yake mgongoni.

Kenge akamtazama Kobe. "Mbona wamevaa bakuli?"

"Wamefuata upande wa baba yao."

Kitoto kimoja kikapanda mkia wa Kenge, kikateleza, kikapanda tena.

"Basi macho ni yangu," akasema.

Lakini Kobe alikuwa amekwisha kuondoka, maana kobe naye hutaga tu, halei.

Funzo, wazazi wenzangu, ni hili: mwenye kuku amkabidhi kicheche ufunguo wa banda, na mama mwema ni yule anayekwenda zake mapema.

Ngano imeanguliwa. Ikiwa njema, ni yenu nyote. Ikiwa viza, ni yai langu peke yangu.