Daftari la Dalali Asiye na Sauti

Jaha bin Rajabu alikuwa dalali wa ng'ombe katika mnada wa Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Babu zake walikuja bara pamoja na misafara ya biashara, wakaoa, wakajenga na kuzikwa huko huko, na tangu hapo ukoo wao haukujua kazi nyingine ila kununua na kuuza. Yeye hakurithi duka wala mifugo. Alirithi koo. Siku ya mnada aliposimama na kutaja bei, sauti yake ilipita juu ya milio ya ng'ombe na vumbi, ikawafikia hata wachoma nyama waliokaa mbali pembeni. Watu walimpenda kwa sauti ile, naye aliamini kwamba bila hiyo yeye si kitu.

Katika zama ambazo watu waliziita za ruksa, maduka yaliyokuwa matupu kwa miaka mingi yalipoanza kujaa tena bidhaa, koo hilo likaanza kukwaruza. Mwanzoni Jaha alidhani ni vumbi la kiangazi. Akanywa maji ya tangawizi, akalamba asali, wapi. Hatimaye alipelekwa Dar es Salaam, madaktari wakamwondoa uvimbe uliokuwa umeota kooni. Maisha yake yalinusurika, lakini sauti iliondoka pamoja na uvimbe. Alirudi nyumbani na kovu shingoni na mnong'ono uliokuwa mdogo kuliko mchakacho wa jani kavu, hata aliyeketi karibu hakuuelewa.

Mkewe, Salha, alimpokea bila kulia mbele yake. Binti yao wa pekee, Khairat, alikwisha kuolewa Kondoa, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu. Salha alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo, na hadi siku hizo alisoma kwa kufuatisha kidole, neno baada ya neno. Lakini alisoma. Jaha akawa anamwandikia nyuma ya karatasi za kalenda na kwenye mifuko ya sukari: *Nina njaa. Nani alipita? Usiku sikulala.*

"Baba Khairat," Salha alisema siku moja, "mtu mzima hawezi kuzungumza kwenye mfuko wa sukari. Nitakununulia daftari."

Akaenda soko la Majengo. Huko alimkuta mchuuzi mmoja kijana, jina lake Aiman, aliyefunga kipaza sauti kwenye baiskeli na kupanga madaftari juu ya turubai. Yalimetameta kama samaki waliovuliwa sasa hivi. Majalada yake yalikuwa na picha za farasi weupe na milima yenye theluji, na ukiyafunua yalinukia manukato. Salha aliyezoea madaftari ya karatasi ya kijivujivu, tena ya kupanga foleni, alisimama akayakodolea macho.

"Shikamoo mama," alisema Aiman, akizima kipaza sauti. "Karibu. Mali ya ng'ambo hii. Wakubwa wote wa maofisini wananunua kwangu."

"Marahaba. Karatasi yake ikoje?"

"Mama, karatasi inayong'aa namna hii huuliziwa kweli?"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Salha aliona haya kuuliza tena, akalichagua lenye picha ya farasi, akalipa, akaondoka nalo kifuani kama aliyebeba mtoto.

Jaha alilipokea kwa mikono miwili. Lakini alipoanza kuandika, kalamu iliteleza juu ya karatasi kama mtu anayetembea kwenye sakafu yenye sabuni. Wino haukuzama. Ulikaa juu juu, na mkono ukipita kabla haujakauka, maneno yaligeuka ukungu wa bluu. Baada ya siku chache jua la Dodoma liliilainisha gundi ya mgongoni, na kurasa zikaanza kuchomoka moja moja.

"Unalionaje?" Salha alimwuliza jioni moja, uso wake umejaa matumaini.

Jaha akamtazama, kisha akaandika polepole, akipuliza kila herufi: *Zuri sana.*

Akiwa na daftari hilo alipiga moyo konde, akarudi Msalato. Hakuweza kunadi tena, lakini bado aliwajua ng'ombe na watu wao. Alidhani angeweza kuwa mshauri na mpatanishi wa wauzaji na wanunuzi.

Siku hiyo alikuja mkulima mmoja Msandawe kutoka upande wa Chemba, Bartolomayo, ambaye Jaha alimfahamu tangu zamani. Bartolomayo alikuwa na maksai wawili waliozoea kukokota plau pamoja. Mmoja amemwacha nyumbani, na mwenzake ndiye aliyemleta mnadani.

"Mke wangu macho yanafifia," alieleza kwa Kiswahili chake cha kupimapima, maana lugha ya nyumbani kwake ilikuwa nyingine. "Nataka kumpeleka hospitali Mvumi. Kwa hiyo nauza. Wewe unasemaje?"

Jaha alijua kwamba mkulima akiuza maksai mmoja, yule anayebaki hana kazi, na mvua zilikuwa karibu. Alijua pia kuwa Bartolomayo ana mbuzi wengi, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemwona mfanyabiashara wa mjini akitafuta mbuzi wa harusi. Mtu huyo alikuwa tayari anapanda gari lake kuondoka. Jaha akaandika upesi: *Maksai usimuuze leo. Nakuja.* Akachana ukurasa, akausukuma katika kiganja cha Bartolomayo, akakimbia kumzuia mnunuzi wa mbuzi.

Bartolomayo hakuusoma pale pale. Mkono huo huo ulikuwa umeshika kamba ya maksai, na maksai alikuwa akivutavuta kwa kuogopa kelele. Alipopata nafasi ya kufunua kiganja kilicholowa jasho, aliona hivi: *Maksai*, kisha doa la bluu, kisha *muuze leo. Nakuja.* Akadhani Jaha alikosea neno akalifuta. Mwenye bucha mmoja alikuwa amesimama karibu akingojea jibu. Bartolomayo akampa kamba.

Jaha aliporudi, ameandamana na mnunuzi wa mbuzi, alimkuta Bartolomayo peke yake. Alinyoosha mikono kuuliza maksai yuko wapi.

"Nimeuza," Bartolomayo alisema. "Si umeniandikia niuze?"

Akaonyesha ile karatasi. Jaha aliitazama, akaona doa mahali pa *usi*. Alifungua daftari aeleze, lakini kwa haraka yake kila alichoandika kilipakaa papo hapo. Bartolomayo alijaribu kusoma, akashindwa, akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Jaha zaidi.

"Zamani ulikuwa ukisema neno, mtu analisikia," alisema kwa upole. "Sasa neno lako likifika kwangu, limekwisha kugeuka. Nifanyeje mimi?"

Akaenda zake. Wakati huo maksai alikuwa amekwisha kupakiwa kwenye lori la machinjioni, na lori limeondoka.

Tangu siku hiyo Jaha hakwenda Msalato. Aliweka daftari juu ya kabati, akakaa barazani kutwa nzima, akitazama barabara. Si kwamba alinyamazia watu wa nje tu. Hata mkewe hakumwandikia neno. Chakula kikiletwa alikula, salamu ikitolewa alitikisa kichwa. Nyumba ikawa na watu wawili lakini kimya chake kilikuwa cha gofu.

Salha alivumilia mpaka maji yakamfika shingoni. Jirani yake, Stumai, aliyekuwa akipika chakula mnadani, ndiye aliyemsimulia habari ya Bartolomayo na maksai. Salha alirudi ndani, akalishusha daftari, akaandika jina lake mwenyewe, kisha akapitisha kidole gumba. Jina likafutika, likabaki doa. Akatoka nalo barazani.

"Baba Khairat, ulijua tangu mwanzo kwamba hili halifai?"

Jaha akainamisha kichwa.

"Nilikuuliza, ukaniambia zuri sana. Kwa nini?"

Jaha alifungua mikono, akaifunga. Salha alikaa kando yake.

"Mimi nililileta haraka bila kulipima, na wewe ukalipokea bila kusema," alisema. "Basi tumeshirikiana kukosea. Lakini kunyamaza mimi sikubali. Nilikuzoea unapiga kelele, nitakuzoea unaandika. Kukuzoea umekufa hali u hai, hapana."

Siku chache baadaye Salha alikwenda zahanati kutibiwa mguu. Alipokuwa akingoja, macho yake yalivutwa na daftari la muuguzi, Priska. Lilikuwa na jalada jeusi la kitambaa, limepauka pembeni kwa kushikwashikwa. Priska aliandika, akageuza ukurasa kwa mkono uliotoka kunawa, akaandika tena. Hakuna kilichochuruzika. Daftari lilipofunguliwa lililala bapa mezani, wala halikuhitaji kukandamizwa.

"Samahani, mwanangu," Salha aliuliza, "daftari hilo ni la mwaka huu?"

Priska akacheka. "Hili? Nimelikuta hapa nilipohamia, mama. Limeanguka, limemwagiwa dawa, na halijapoteza hata ukurasa. Anayafunga mama mmoja, Generosa, nyuma ya stesheni ya reli. Uulize tu ukifika, maana hana kibao."

Salha alifika huko akichechemea. Chumba cha Generosa kilikuwa kidogo, kinanukia gundi ya unga. Mwenyewe alikuwa ameketi akishona karatasi kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta. Aliitikia salamu, akamwonyesha kiti, akaendelea kushona. Hakusifu chochote.

"Nataka daftari la kuandikia kila siku," Salha alisema. "La mtu anayezungumza kwa kuandika."

Hapo Generosa aliacha sindano. Alimtazama Salha vizuri, kisha akamsogezea daftari moja, kalamu na kikombe cha maji.

"Lijaribu mwenyewe," alisema.

Safari hii Salha hakuona haya. Aliandika neno, akahesabu pumzi chache, akapitisha kidole kilicholowa. Neno likabaki. Aligeuza ukurasa kuona kama wino umetokeza upande wa pili, haukutokeza. Alilifungua katikati, akalikunjua mpaka majalada yakagusana kwa nyuma, akavuta ukurasa mmoja kwa nguvu. Uzi ukaushika. Karatasi yenyewe haikuwa nyeupe wala haikung'aa. Ilikuwa na rangi ya maziwa, na kalamu ilipopita juu yake ilitoa sauti ndogo ya kukwaruza.

"Kwa nini hujaweka kibao nje, dada?"

"Nikikiweka, nitapata wapi muda wa kushona?" Generosa alijibu. "Wanaokuja wananitosha."

Bei yake ilikuwa kubwa. Salha alikuwa amejiwekea akiba ya kununua khanga za Idi. Alizifikiria zile khanga, akazisamehe.

Nyumbani, Jaha aliposogezewa daftari jeusi alilisukuma kando. Salha alilisukuma likarudi.

"Hili nimelijaribu kwa maji," alisema, akaenda kuosha vyombo.

Aliporudi, akiwa bado anachuruzika maji mikononi, alimkuta Jaha ameinama, anaandika. Alimaliza, akamgeuzia daftari. Salha aliweka kidole chake kilicholowa chini ya neno la kwanza, akafuatisha taratibu: *Lile nililikubali kwa sababu uliniletea wewe. Niliogopa kukuvunja moyo.* Alipofika mwisho, maji yalikuwa yameacha njia ukurasani, na maneno yote yako pale pale.

Akaketi. Jaha akaandika tena, naye akajibu kwa mdomo, na jioni hiyo chai ilipoa mbele yao bila kuguswa, kwa jinsi walivyokuwa na mengi ya kusemezana.

Mnada uliofuata, Jaha alirudi Msalato. Kabla ya kuzungumza na mtu mwingine alimtafuta Bartolomayo, ambaye safari hii alikuja kuuza mbuzi. Alimfungulia daftari. *Nilikuandikia usiuze. Karatasi ilikuwa mbovu. Kosa si lako. Nisamehe.*

Bartolomayo alisoma mpaka mwisho. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha kwa nguvu juu ya neno *usiuze*, akakitazama kidole. Kilikuwa kisafi.

"Sasa nakusikia," alisema. "Mke wangu ametibiwa, anaona. Lakini maksai wangu amebaki mjane, na mvua inakuja."

Jaha akaandika: *Ngoja.* Alimfahamu mama mmoja mkulima, Germana, ambaye maksai wake mmoja alikufa kwa ugonjwa na wa pili alikuwa zizini hana mwenzake. Akamwita. Akawaandikia pendekezo: wanyama wafungwe pamoja, walime kwanza shamba la Germana lililokuwa karibu, kisha wapelekwe Chemba kwa Bartolomayo. Kila mmoja alisoma kwa zamu, akauliza lake, Jaha akaongeza kwa maandishi, na maelewano yakapatikana bila mtu kupandisha sauti. Masika hayo mashamba yote mawili yalilimwa.

Habari zikaenea kama harufu ya mvua ya kwanza. Wakulima na wafugaji walianza kumtafuta Jaha, kwa sababu alichoandika kuhusu mnyama asubuhi, umri wake, meno yake na kasoro zake, ndicho walichokisoma tena jioni. Madalali wengine waliendelea kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, huku watu wakiwapita kwenda kuketi kwa zamu mbele ya mtu asiyeweza kuita hata jina lao. Wengi waliligusa daftari lake na kuuliza lilikotoka, naye akawachorea njia ya kwenda nyuma ya stesheni. Generosa alilazimika kumchukua ndugu yake amsaidie kushona.

Aiman naye aliendelea kuzunguka na baiskeli yake, kutoka Majengo hadi mitaa mingine, kila siku kwa sauti kubwa zaidi na bei ndogo zaidi, maana aliyenunua kwake mara moja hakurudi mara ya pili. Kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.