Paa la Jikoni kwa Bi Somoe

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani ambako jua huwaka kana kwamba lina ugomvi na watu, na masika huja na dhoruba za kung'oa milango, alikuwako Sultani aitwaye Haidari. Nami ninayesimulia si mtu wa kuaminiwa sana katika mambo ya mapaa, maana banda la kuku nililoliezeka kwa mikono yangu, kuku wenyewe walilihama. Lakini habari hii niliipokea hivi, nami naitoa hivi.

Sultani Haidari alikuwa na ukumbi wa baraza ulioezekwa makuti, na makuti yale kila mara hayakupita mwaka wa nne. Jua liliyakausha yakawa ya kuvunjika, pepo zikayafumua, mvua ikayaozesha, hata siku moja tone likamwangukia Sultani puani mbele ya wageni. Basi akakasirika, akawafunga mafundi watatu walioezeka, kisha akaamuru aletwe Shekue.

Huyu Shekue alikuwa fundi wa kuezeka, fukara, mwenye kujicheka mwenyewe kabla watu hawajamcheka. Akaingia, akainama.

"Shekue," akasema Sultani, "waniezekee paa la kudumu miaka ishirini. Likivuja kabla ya hapo, utawafuata wenzako gerezani."

"Bwana wangu," akajibu Shekue, "mimi nimeanguka kutoka mapaani mara nyingi, hata mke wangu akisikia kishindo hutandika mkeka. Fundi wa namna hii wamtakia nini? Makuti hapa kwetu ni miaka minne, mitano Mungu akipenda."

"Mwongo wewe. Jiko la Bi Somoe, muuza samaki, lina mwaka wa kumi na tisa wala halijavuja. Nimepeleka watu wakalitazama. Nataka paa sawasawa na lile, usipunguze hata kitu kimoja. Ukipunguza, nitakufunga."

"Hata kimoja, Bwana wangu? Nawe hutanizuia mpaka kazi iishe?"

Sultani akaapa mbele ya mawaziri wake kwamba hatamzuia.

Basi Shekue akaezeka siku nane. Siku ya tisa, Sultani ameketi barazani na wageni wake, Shekue akaingia na mafiga matatu, akayapanga mbele ya kiti cha enzi. Nyuma yake akaja Bi Somoe na kikaango, mzigo wa kuni na kapu la papa. Askari wakataka kuwatoa, lakini Sultani akakumbuka kiapo chake, akawaacha. Bi Somoe akawasha moto, akaanza kukaanga. Ikawa moshi umejaa, wageni wanatoka wakipapasa ukuta, waziri mkuu anabubujikwa na machozi, na kanzu ya Sultani yanuka papa.

"Wafanya nini, mwendawazimu wewe?" akauliza Sultani.

"Namalizia paa, Bwana wangu. Makuti ya Bi Somoe na yako yametoka shamba moja. Lakini kwake moto hauzimiki tangu alfajiri hata jioni. Moshi huyatoa unyevu, masizi huyapaka, wadudu hawayali. Uliniambia nisipunguze kitu, nami nikimpunguza Bi Somoe nitafungwa."

Sultani akakohoa. "Na atakaa hapa mpaka lini?"

"Miaka ishirini," akasema Bi Somoe bila kugeuka. "Nimekwisha kuwaambia wateja wangu waje huku."

Hapo Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea, kisha akaona haya. Akasema, "Nimewafunga watu watatu kwa kosa la jua na mvua." Akaamuru wafunguliwe saa ile ile, na ukumbi uezekwe upya kila mwaka wa tano, wala fundi asilaumiwe.

Kisha akamgeukia Shekue. "Lakini siri hii ya moshi uliijuaje, nawe si mpishi?"

"Kwangu kwavuja kuliko nyumba zote za mtaani, Bwana wangu. Miaka mingi nilidhani ni ubovu wa mikono yangu, na huenda ni kweli. Ndipo nikatambua kwamba sisi siku nyingi hatuna cha kupika."

Sultani akaacha kucheka. Jioni ile magunia mawili ya mchele yakapelekwa kwa Shekue, na mwezi uliofuata mengine mawili, ikawa ndiyo desturi kwa maisha yake yote. Majirani walipouona moshi juu ya nyumba ile, walikimbia na ndoo za maji, wakidhani inaungua.