Waliochora Wasichokiona

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja, mhudumu wa wodi, aliyeingia chuo cha afya akiwa na miaka arobaini na moja. Miaka kumi na tano alifua mashuka ya wagonjwa huku akitamani naye siku moja awe tabibu. Somo la biolojia likamkaba. Mtihani wa kwanza akaanguka. Akapewa nafasi ya pili, akaambiwa wazi kwamba ya tatu hakuna.

Basi akasoma! Anasonga ugali huku anataja: ukuta wa seli, utando, kiini, saitoplazimu. Mpaka wanawe wakazijua. Asubuhi ya mtihani akaondoka bado anazitaja.

Maabara ilikuwa na hadubini moja tu nzima. Wanafunzi thelathini wakapita mmoja mmoja, kila mtu dakika mbili. Swali fupi: chora unachokiona, taja sehemu zake. Mwalimu alikaa hapo karibu. Chumba kizima kilinuka kitunguu, kwa hiyo kila mtu alishajua kuna nini chini ya lenzi.

Mama alikuwa wa kumi na tisa. Akainama, akafumba jicho moja. Akaona mwanga mweupe, basi. Akabadilisha jicho. Mweupe uleule. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Moyo ukamwambia: wenzako wote wamechora wakaondoka, kipofu ni wewe peke yako? Ukisema huoni, si ndiyo umejitangaza?

"Mama, uko sawa?" mwalimu akauliza.

"Niko sawa, mwalimu." Akachora seli ya kitunguu, nzuri kweli kweli.

Matokeo yalipotoka, swali lile alikuwa na sifuri, na sifuri ile ndiyo iliyomwangusha. Akaenda ofisini analia.

Mwalimu akamtandazia mezani karatasi za darasa zima. "Tazama. Watatu wa kwanza wamechora seli zilizopindapinda, kama zilivyokuwa. Kuanzia wa nne, wote mmechora picha ya kitabuni. Kile kioo chenye kitunguu kilikuwa kimesogea, mama. Nimekikuta pembeni nilipokusanya vifaa. Kesho utapima damu ya mtoto wa mtu. Utaandika ulichokiona au ulichokariri?"

Mama akaivuta karatasi yake, akaitazama.

"Nilikuuliza kama uko sawa. Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, mwalimu. Niliogopa utajua kwamba sijui."

Mwalimu akavua miwani. "Ungesema neno moja tu, ningekisogeza kwa kidole. Pale nilikaa kwa kazi hiyo."

Mama akarudi wodini, kwenye mashuka.

Ndugu zangu, sisi tukiulizwa hali pale mlangoni pa kanisa tunajibuje? "Namshukuru Mungu, nina amani." Amani ipi? Kuna mtu humu ndani, tangu azike mwenziwe, kila akipiga magoti haoni kitu. Ni weupe mtupu. Lakini Jumapili anasimama, anatoa ushuhuda wa kukariri, tunapiga vigelegele, na yule anayemfuata naye anaogopa, anakariri vilevile. Tunamficha nani? Bwana anakuuliza kama uko sawa kwa sababu anataka kukusaidia, na sisi tunamfukuza kwa majibu mazuri.

Leo usimwambie unachokijua. Inamisha kichwa hapo ulipo, umwambie ukweli: Bwana, sioni.