Mjane wa Buku na Jalada la Kiboko

Mmekaa?
Tumekaa.
Waliolala wamelala?
Wamelala, Mungu awalaze pema.
Basi leteni masikio karibu, maana sauti yangu siku hizi ni ndogo.
Tumeyaleta.

Jumatatu, mwezi tisa Rajabu, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Mzee Shomari Buku alifungua kabati la masjala ya msitu, akakuta jalada la Kiboko halipo. Masjala ni chumba cha kutunzia majalada ya serikali, na Mzee Shomari, panya buku mwenye mvi mpaka mkiani, alikuwa karani wake kwa miaka ishirini na miwili. Alitazama rafu ya juu. Tupu. Alitazama rafu ya kati. Tupu. Alitazama rafu ya chini. Tope. Akakaa kwenye kigoda chake, akatamka shahada polepole, neno kwa neno, na hakuinuka tena.

Mke wake, Bi Mwantumu, alikuwa upande wa pili wa ukuta, akichambua mchele. Alisikia kigoda kikilia kwii. Halafu hakusikia kitu.

Jalada lenyewe lilikuwa hivi. Bwana Kiboko alikuwa tajiri wa bwawa, na katikati ya bwawa alikuwa na kisiwa kinachofikiwa kwa daraja. Aliwaambia wanyama wadogo wampe akiba zao za nafaka awazalishie. Leteni kikapu kimoja, alisema, mwakani mtachukua viwili. Wakaleta. Kiboko akafanya karamu kisiwani, akawaalika wakubwa wa msitu. Wakubwa wakala, wakapigwa picha, wakasaini kitabu cha wageni, wakaandika barua za shukrani. Ulipokuja ukame, wadogo wakaenda bwawani kuuliza. Kiboko akazama, blubu. Wengine walikufa wakiwa bado wamesimama ukingoni wanamsubiri aibuke.

Hapo serikali ikaunda Tume ya Uchunguzi. Tume ikakusanya kila karatasi iliyoonekana: kitabu cha wageni, picha, barua, risiti za vikapu. Zikajaa juzuu kumi na mbili. Zikaletwa masjala kwa Mzee Shomari azitunze. Naye akazitunza, mpaka Jumatatu ile.

Saa nne kamili, marehemu bado hajafunikwa shuka, Tumbili, msemaji wa serikali, alipanda kisiki akatangaza.

"Jalada limeliwa na panya."

Maneno manne, kisha akashuka. Wanyama wakaona ni habari inayoingia akilini. Panya hula karatasi, nani asiyejua? Hakuna aliyeuliza kwa nini mlango wa masjala, uliokuwa mwembamba siku zote, tangu Jumamosi ulikuwa mpana.

Mzee Shomari alizikwa na watu sita. Siku ya tatu, Maalim Korongo, ndiye imamu wa msitu, alikuja kutoa mkono wa pole. Bi Mwantumu alikuwa ndani ya eda, hivyo aliongea naye akiwa nyuma ya pazia la dirisha.

"Bi Mwantumu," alisema Korongo, "nikufiche nini. Watu wanasema hawawezi kuja kwenye hitima ya arobaini. Wanasema hawamsomei aliyekula haki ya yatima. Mimi nitakuja, lakini nitakuja peke yangu."

"Maalim, wewe unaamini aliyala yale makaratasi?"

Korongo alisimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo akiwaza. "Mimi ninachojua, kila Alhamisi alikuwa hali kitu mpaka magharibi."

"Arobaini yake ni Ijumaa ya mwezi kumi na nane Shaabani. Nitapika sufuria kubwa."

"Kwa watu wawili?"

"Nitapika sufuria kubwa, Maalim."

Hilo tu ndilo alilolitaka Bi Mwantumu. Hakutaka hata kikapu chake alichompa Kiboko kirudi. Alitaka wale ambao mumewe aliwatunzia karatasi zao miaka ishirini na miwili waje wakae uani mwake, wainue mikono, wamwombee. Lakini angefanyaje? Mwenye eda hatoki. Hawezi kwenda kwa Tume, hawezi kwenda kwa mfalme. Alichokuwa nacho ni dirisha linalotazama njia, funguo za masjala, na muhuri wa mpira.

Mnanifuata?
Tunakufuata.

Ikapita wiki, ikapita ya pili, ikapita ya tatu, ikapita ya nne. Mwisho wa wiki ya tano Tumbili akaja. Chaka, chaka, chaka, mpaka dirishani.

"Hodi, bi mkubwa. Nimetumwa funguo za masjala."

"Karibu, mwanangu. Umekuja na barua ya makabidhiano?"

"Makabidhiano ya nini? Mle hamna kitu."

"Umejuaje?"

"Si jalada limeliwa?"

"Uliliona likiliwa?"

Tumbili akajikuna ubavu. Kra, kra.

"Nakuuliza tu," alisema Bi Mwantumu. "Maana marehemu, Mungu amrehemu, hakuwahi kupokea karatasi yoyote bila kuiandika pembeni katika daftari lake."

Ilikuwa kweli. Mzee Shomari aliandika namba ya kila waraka na tarehe ulioingia. Namba na tarehe, basi. Bi Mwantumu alitaka kumwambia hivyo, lakini alipofungua kinywa Tumbili alikuwa ameshafika kwenye mti wa tatu, chaka chaka chaka, anakwenda kuwaambia wakubwa kwamba mjane anazo nakala.

Bi Mwantumu akalikumbuka dirisha lake. Akakaa chini, akaandika fomu kwa mkono, nzuri, yenye mistari, akabandika tangazo chini ya pazia. Tangazo lilisema: Mwenye kuona jina lake halistahili kuwamo katika jalada la Kiboko aombe kwa kujaza fomu. Mwisho wa kupokea ni Alhamisi ijayo saa sita mchana.

Fomu ilikuwa na maswali matano. Jina lako. Jina lako limo katika waraka gani. Ulikuwa ukifanya nini. Kwa nini unaomba liondolewe. La tano: Je, waraka huu umewahi kuondolewa kabla? Kama ndiyo, na nani?

Wa kwanza alikuja Chui, hakimu mkuu. Alikuja kwa kunyata, nyatu, nyatu, nyatu.

"Hodi."

"Karibu, mheshimiwa. Fomu zipo hapo kwenye kikapu."

"Dada yangu, lazima kuandika? Tuongee tu kama ndugu."

"Mheshimiwa, wewe ni mtu wa sheria. Lisiloandikwa nitalishughulikiaje?"

Chui akaona ni maneno ya haki. Akajaza. Jina lipo kwenye kitabu cha wageni, mara kumi na nne. Nilikuwa napunga upepo. Naomba liondolewe kwa sababu mke wangu anajua kusoma. Akaipitisha chini ya pazia. Bi Mwantumu akagonga muhuri, pwa.

Wa pili alikuja Nyati, na Nyati ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Tume yenyewe. Tindi, tindi, tindi.

"Hodi."

"Karibu, mwenyekiti. Na wewe?"

"Shemeji, mimi si kama hao. Mimi nimo kwa bahati mbaya."

"Fomu zipo hapo kwenye kikapu."

Akajaza. Nipo kwenye picha, wa tatu kutoka kushoto, niliyekumbatia kikapu cha mahindi. Kile kikapu nilikuwa namshikia mtu. Muhuri ukagonga, pwa.

Tumbili naye akarudi, safari hii hakutaja funguo. Yeye alikuwa amemwandikia Kiboko barua ya shukrani, kurasa tatu, na shairi. Pwa. Wakaja wengine na wengine. Pwa, pwa, pwa. Kila mmoja aliona wenzake kwenye foleni, na kila mmoja alisema amekuja kutoa pole. Fomu moja haikuwa na jina, ilikuwa na alama ya wayo mkubwa wenye kucha, na hata nzi walikataa kuikaribia.

Mtauliza, wakubwa wale hawakuogopa kuandika? Hawakuogopa. Tangu wazaliwe, kila fomu waliyojaza ilikuwa imewaletea kitu kizuri.

Alhamisi, imebaki nusu saa ifike saa sita, ardhi ilianza kutetema. Du, du, du. Vikombe vya Bi Mwantumu vikagongana. Harufu ya tope ikaingia kabla ya mwenyewe.

"Wee mama," ilisema sauti, na pazia likavimba kwa pumzi. "Unajua mimi ni nani?"

"Nimekujua, Bwana Kiboko. Mlango wa masjala bado unakukumbuka."

Kiboko alicheka. Hoo, hoo, hoo. "Ulimi unao. Sasa sikiliza. Hao wengine wanaombea karatasi moja moja. Mimi nataka juzuu zote kumi na mbili."

"Fomu zipo hapo kwenye kikapu."

"Fomu! Mimi? Nikujazie fomu wewe kipanya?"

"Hakimu mkuu amejaza. Mwenyekiti wa Tume amejaza. Kuna na mmoja zaidi yao, simtaji."

Kiboko akakiinamia kikapu. "Nikijaza, ndani ya lile jalada kutakuwa na mtu wa kuliona jina langu?"

"Hakuna."

"Unaapa?"

"Wallahi, bwana, ndani ya jalada lile hakuna kiumbe atakayeliona jina lako, leo wala kesho."

Na kiapo chake kilikuwa safi, maana jalada halikuwapo.

Kiboko akachukua fomu, akaandika huku anatweta. Penseli mbili zilivunjika. Alipofika swali la tano alinung'unika, akasema nyie wanamasjala mnapenda kumhangaisha mtu mara mbili kwa jambo moja. Akapitisha karatasi, akasubiri asikie muhuri. Pwa. Akaondoka. Du, du, du, mpaka bwawani.

Bi Mwantumu aliisoma fomu ile akiwa amesimama. Katika swali la tano, kwa herufi kubwa za mtu mwenye haraka, Kiboko alikuwa ameandika: NDIYO. NILIZIONDOA MWENYEWE JUMAMOSI JIONI KWA KUZILA ZOTE, KWA FUNGUO NILIZOPEWA NA HAKIMU, NA TUMBO LINANIUMA MPAKA LEO. NISISUMBULIWE TENA.

Alisoma mara moja. Akaiweka juu ya nyingine, akazipanga kingo zikalingana, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Akatia kamba, akaandika namba ya jalada jipya. Kisha akatawadha, akasali adhuhuri.

Sasa msitu ule ulikuwa na sheria ya zamani. Barua zote zilizogongwa muhuri wa masjala wiki ile husomwa barazani baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu wote. Kwa kawaida huwa tatu au nne, za ugomvi wa mipaka ya mashimo, na wasikilizaji husinzia. Wakubwa hawakuwahi kuhudhuria hata siku moja. Msomaji ni Maalim Korongo. Ijumaa asubuhi akapita dirishani kuchukua fungu la wiki.

"Zipo ngapi leo?" aliuliza.

"Arobaini na moja, Maalim."

"Za mipaka?"

"Utaziona. Ile ya juu isome ya mwisho."

Korongo akaondoka na fungu mdomoni. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi kumi na nane Shaabani.

Bi Mwantumu akateka maji, akabandika sufuria kubwa. Adhana ikaadhiniwa. Sala ikasaliwa. Yeye alibaki jikoni, hawezi kwenda, hawezi kusikia, baraza liko mbali. Akatia mchele. Akakoroga. Akatandika mikeka uani, minne. Akaitazama, akakunja miwili. Akakaa. Akaitandika tena.

Alasiri ikafika. Hakuna mtu. Akaona amechoma kuni bure. Akafunika sufuria.

Halafu akasikia chu, chu, chu njiani. Ni Digidigi. Nyuma yake tifu, tifu, tifu, Nungunungu. Nyuma yao vidogo vidogo visivyohesabika, pelele, kanga, kobe, ukoo mzima wa kuchakuro, wote wameinamisha vichwa. Waliingia uani, wakakaa kwenye mikeka minne, mikeka ikajaa, wakakaa chini.

Digidigi alisogea mpaka dirishani.

"Mama," alisema, "tulimsema vibaya."

"Ndiyo," alisema Bi Mwantumu.

"Tunaomba radhi."

"Mwombeni yeye. Mimi nina wali wa kupakua."

Korongo aliingia mwisho, shingo imechoka kwa kusoma. Alisema amesoma zote arobaini na moja, isipokuwa ile yenye wayo, pale alikohoa kidogo akapita. Alisema alipomaliza ya Kiboko, pelele mmoja akasema, kumbe siye Buku. Alisema wadogo walikuwa wamekwenda kwanza bwawani, wote pamoja, wakavunja daraja la kisiwani, ndiyo maana wamechelewa. Serikali nayo imeunda Tume ya kuichunguza Tume. Kiboko akazama, blubu, na mpaka leo hatoki majini mchana. Huacha masikio tu juu, akisikiliza kama kuna mtu anayesoma.

Na mimi nimefikia hapa. Nilichobeba nimekitua.
Tumekipokea.
Hakuna kilichovunjika?
Kizima.

Fundisho la ngano hii, watoto wangu, ni hili: panya asipewe kazi ya kutunza karatasi, wakubwa waaminiwe kwa neno lao, na mjane aliye ndani ya eda asijishughulishe na mambo ya serikali.

Tuinueni mikono. Ewe Mola wetu, mrehemu Shomari Buku, na waliokufa ukingoni wakisubiri, na wangu niliyemzika mwaka huu, na wenu. Wapanulie makaburi yao, uyatie nuru, uwasamehe walilolifanya, na uwaondolee wasilolifanya wakasingiziwa. Amina.